"Mwalimu, Nimemaliza?"

Somo la sanaa nilipewa kwa sababu ya mwandiko. Nilisomea kufundisha Hisabati na Sayansi, na chuoni sikuwahi kushika brashi. Lakini katika shule zetu za msingi mwalimu mwenye mwandiko mzuri hakosi kazi za ziada: ataandika ratiba ya ukutani, atachora ramani ya Tanzania kwenye ukuta wa darasa la tano, na mahafali yakikaribia atakesha akiandika "Karibu Mgeni Rasmi" kwenye kitambaa. Vipindi vya Stadi za Kazi, somo lililobeba sanaa wakati huo, vilipokosa mtu, Mwalimu Mkuu hakuhangaika kutafuta. "Madamu, wewe si unachora?" Kikao kikaendelea na ajenda nyingine.

Hapo nilikuwa Rungwe, mkoani Mbeya, shule ya serikali huko vilimani juu ya Tukuyu. Baadaye nilipata uhamisho kumfuata mume wangu Iringa, na ndiko niliko sasa. Sanaa nimeifundisha pande zote mbili. Tangu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kwa darasa la kwanza na la tatu ukiwa na somo la Sanaa na Michezo, walimu wenzangu wananipigia simu: hivi wewe unafundishaje? Wengi wao wamepewa somo hilo kama nilivyopewa mimi, kwa mwandiko, au kwa kuwa wanaimba kwaya kanisani. Kwenye simu salio huwa linakata kabla sijafika mbali, ndiyo maana nimeamua kuandika.

Kwanza hali ilivyokuwa. Mtihani wa kumaliza darasa la saba wakati huo haukuuliza chochote cha kuchora, kufinyanga wala kusuka, na somo lisilo kwenye mtihani ni shamba lisilo na mwenyewe, kila mpita njia anachuma. Mwalimu wa Kiingereza amebakiwa na mada mbili, anaomba kipindi cha Stadi za Kazi. Wa Maarifa ya Jamii naye anaomba. Na kuomba huko hakuna kurudisha. Kipindi changu kilipona kwa sababu ndogo tu: Hisabati ya darasa lile nilikuwa nayo mimi, kwa hiyo mtu wa kuja kukiomba ningekuwa mimi mwenyewe.

Siku ya kwanza niliwaambia darasa la nne wachore nyumba zao. Watoto walizidi tisini, na karatasi zilikuwa migongo ya mitihani ya zamani ya ujirani mwema, ile ya pamoja ya shule jirani. Nilichokusanya ilikuwa nyumba moja iliyorudiwa darasa zima. Msonge wenye paa la nyasi, minazi miwili pembeni, jua lenye miale kwenye kona ya juu, bendera ya taifa mlingotini, na nyuma kabisa mlima wenye ncha na theluji.

Anayeijua Rungwe atacheka. Mnazi hakuna. Nyumba ni za tofali na bati, na migomba imesogea mpaka mlangoni. Mlima upo, tena Mlima Rungwe wenyewe, karibu mita 2,960, ukifungua dirisha la darasa letu unakujaa usoni. Hauna theluji, na mgongo wake ni mpana, wenye msitu. Watoto walikuwa na mlima dirishani wakachora Kilimanjaro ya kwenye jalada la daftari. Msonge nao waliutoa kwenye kalenda na vitambaa vya makochi. Sidhani kama walikuwa wavivu. Waliamini kwamba hiyo ndiyo picha sahihi ya nyumba, na kwamba mimi ninayo kama hiyo kwenye kabati, ya kusahihishia.

Lakini kilichonishika zaidi ni swali. Mtoto wa kwanza alikuja mezani baada ya muda mfupi tu, akanyoosha karatasi kwa mikono miwili: "Mwalimu, nimemaliza?" Nikamwambia vizuri, weka hapo. Akaja wa pili, "Mwalimu, nimemaliza?" Akaja wa tatu. Foleni ikafika mlangoni, na ndipo nikasikia kwamba hawakuwa wananipa taarifa. Walikuwa wanauliza.

Ukilitafakari, swali lile lina mantiki yake. Kwenye Hisabati jibu likishapigiwa mistari miwili kazi imekwisha, na mwenye jibu ni mwalimu. Kwenye Sayansi kazi inakwisha nafasi zilizoachwa wazi zikijaa. Imla inakwisha mwalimu akisema "nukta". Mtoto amefika darasa la nne na hajaachiwa hata mara moja aseme mwenyewe kwamba kazi yake imetosha au bado. Unampa karatasi tupu na penseli, jambo la kwanza analotafuta ni mtu wa kumwambia pa kuishia.

Nikaanza kuwajibu, "Sijui. Wewe unaonaje?"

Jibu hilo halikupendwa. Wengine walinitazama kama ninayewatega. Kijana mmoja alirudi kwenye dawati, akakaa, akaja tena na karatasi ileile ambayo mistari yake ameikandamiza mpaka imetoboka: "Mwalimu, sasa?" Wengine walilia, na mama mmoja alikuja kesho yake kuniuliza kwa upole kwa nini nimekataa kumsahihishia mwanawe. Nilimwonyesha mchoro. Akauangalia, akasema, "Ni mzuri, au?" Naye akaniuliza mimi.

Nikawatoa nje. Kwa kipindi cha dakika 40 chenye kundi kama lile, kutoka na kurudi tu kunameza robo ya muda, kwa hiyo niliomba vipindi viwili vifuatane, na nawashauri wote waombe hivyo. Kila kikundi kikakaa mbele ya mgomba mmoja. Sheria ilikuwa moja: usichore kitu ambacho hukioni. Watoto hao wamezaliwa ndani ya migomba, wanaibebea mbolea, wanakula ndizi asubuhi na jioni, na michoro yao ya kwanza ilikuwa na majani mazima kama yaliyokatwa kwa mkasi. Jani la mgomba mkubwa uliosimama kwenye upepo haliwi zima. Limechanika vipande vipande mpaka kwenye uti. Yupo aliyegundua, akapiga kelele, "Mwalimu, yamechanika!" kana kwamba yamechanika sasa hivi. Basi darasa zima likaanza kuchana majani kwa penseli.

Hapo ndipo nilipopata binti wangu wa jiko. Alikuwa darasa hilohilo, mtoto aliyehesabiwa mzito, wa kukaa nyuma, wa alama chini ya thelathini kila mtihani. Niliwapa kazi ya kuchora mahali wanapopapenda nyumbani. Yeye alichora jiko la bibi yake, lakini alilichora kama anayeangalia kutoka juu, paa limeondolewa: mafiga matatu, chungu juu yake, ungo, ndoo, kuku aliyelalia mayai kwenye kona, kigoda cha bibi na pembeni yake kijigogo kidogo. Niliuliza kijigogo ni cha nini. "Nakaa mimi." Kila kitu kilikuwa mahali pake, hata mlango ulikuwa umefunguliwa kwa ndani, na alikuwa ameonyesha upande unaofungukia.

Wenzake walimcheka. Nyumba gani haina ukuta? Haina bati? Mmoja wao, hodari wa darasa, alitaka kumsaidia, akachukua penseli amchoree ukuta na paa. Binti akaivuta karatasi. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nikiweka ukuta hamtaona ndani."

Nimekaa kazini muda wa kutosha kuona wanafunzi wengi wakitoa majibu sahihi. Nimeona wachache sana wakitetea uamuzi. Yeye alikuwa na sababu, sababu ile ilikuwa ya kweli, na hakuna kitabu ambamo angeweza kuwa ameitoa. Hata mafundi na wahandisi wanachora ramani ya nyumba hivyo, paa likiwa limeondolewa, lakini yeye hilo hakulijua. Sikumwambia siku ile. Niliona nikisema tu "hata mainjinia wanafanya hivyo," ushindi wake utakuwa wa mainjinia.

Watu wanapenda kusikia kwamba baada ya hapo alama zake zilipanda. Hazikupanda, au zilipanda kidogo kama za wengine. Ninalisema wazi kwa sababu kwenye semina husemwa kwamba tufundishe sanaa ili watoto wafaulu Hisabati. Mimi ndiye mwalimu wa Hisabati, na sijauona muujiza huo. Ukitaka mtoto afaulu Hisabati, mfundishe Hisabati. Kilichobadilika kwa binti yule ni kwamba alianza kunyoosha kidole, mara nyingi akikosea, na akikosea hakujificha chini ya dawati.

Nilipoona kitu chenyewe cha wazi ilikuwa kwenye Sayansi. Kila mwaka tunaotesha maharage kwenye makopo, watoto wanachora hatua za kuchipua. Kabla ya hapo walikuwa wanaotesha, halafu wanafungua kitabu na kunakili mchoro wa kitabuni: mzizi ulionyooka, majani mawili sawasawa. Mwaka ule michoro ilikuja na mizizi iliyopinda, na ganda lililogoma kudondoka. Kwenye kopo moja mbegu ilikuwa imeoza, na mwenye kopo akachora uozo. Wamechora maharage yao. Kwangu mimi hiyo ndiyo Sayansi. Tatizo ni kwamba mwongozo wa kusahihisha unataka mzizi ulionyooka, na kwenye mtihani wa muhula baadhi yao walipoteza alama kwa kuchora walichokiona. Nilibishana na msahihishaji mwenzangu mpaka chai ikapoa.

Udongo ulikuja baadaye. Ukishuka kutoka Tukuyu kwenda Kyela na kuendelea hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, uko karibu na Ikombe, kijiji cha Wakisi ambako wanawake wanafinyanga vyungu ambavyo vinasafirishwa kwa mitumbwi hadi Matema na kutoka hapo kupanda milima kwa magari. Karibu kila jiko la Mbeya limewahi kuwa na chungu chao. Kwenye soko letu palikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekuwa akiviuza, na mwenyewe alizaliwa kwenye kazi hiyo. Nilimwomba aje shuleni. Alinicheka. "Mwanangu mwalimu, mimi darasa la pili sikumaliza, leo nikasimame darasani?" Akaja, tena akiwa amevaa kitenge kipya, na watoto wakasimama wote, "Shikamoo bibi!" Nilimwona akitafuta pa kuweka mikono.

Mikono ilipata kazi mara moja. Alituambia udongo tuliochota ni mbaya. Alichukua kidogo, akauviringisha kama mnyoo, akauzungushia kidoleni, ukapasuka. "Huu hapana." Tukatumwa bondeni tena. Wa pili ulizunguka kidole bila kupasuka. Akatwambia tutwange vigae vya chungu kilichovunjika tuchanganye, kwa sababu udongo mtupu ukiingia motoni unapasuka. Akafinyanga kwa mkono, akikwangua kwa kipande cha kibuyu, akisugua kwa jiwe laini la mtoni. Hakutumia rula wala mfano, na chungu kilikuja duara.

Mtoto mmoja akamuuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri bila kujua: "Bibi, unajuaje kwamba kimekwisha?" Hakujibu haraka. Alikigonga kwa ukucha, akasikiliza, akakwangua tena kwenye kitako, akagonga. Akasema kikikaa vizuri mkononi kimekwisha, na kama bado mkono unaona. Watoto wakaanza kugonga vya kwao, vyote vibichi, havitoi sauti yoyote, ila waligonga kwa heshima kubwa.

Tulivianika kivulini, tukavichoma nyuma ya jiko la shule kwa kuni na majani makavu ya migomba. Zaidi ya nusu vilipasuka. Ndicho kipindi bora cha Sayansi nilichowahi kuwa nacho, na kilikuwa kwenye ratiba kama Stadi za Kazi. Waliokota vigae wakalinganisha: vinene vimepasuka zaidi kuliko vyembamba, vilivyoanikwa siku chache vimelipuka kabisa, chenye mkono uliobandikwa bila kukwaruzwa kimeachia mkono. Maji yaliyobaki ndani yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia. Nilikuwa nimefundisha badiliko la hali ya maji kwa chaki, na sasa walikuwa na ushahidi mikononi, wenye ncha kali.

Wazazi hawakufurahi wote. Shati jeupe la sare na udongo mwekundu ni maadui, na sabuni ni hela. Baba mmoja alisimama kwenye kikao cha wazazi: "Mwanangu nimemleta kusoma au kufinyanga? Kufinyanga hata mama yangu angemfundisha bure." Alipigiwa makofi. Nilikubaliana naye nusu. Kweli, mama yake angeweza kumfundisha, na vizuri kuliko mimi. Nikamwomba amlete. Hakumleta, ila hoja yake nimeitumia tangu hapo: kwenye vijiji vyetu walimu wa sanaa wapo tayari, wamekaa majumbani, ufunguo wa kuwafikia ni mwaliko na soda.

Kuhusu vifaa nitapita haraka, maana huwa ni kisingizio kuliko sababu. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na chaki, mitihani na ukarabati vinaimaliza kabla rangi haijatajwa. Basi nyeusi ni mkaa wa jikoni. Nyekundu ni udongo wa kingo za barabara, nyeupe ni majivu, na kijani ni majani yaliyopondwa, ingawa baada ya wiki yanageuka kahawia. Gundi ni uji mzito wa muhogo, brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha. Karatasi ni migongo ya mitihani, na kila ofisi ya walimu nchini ina mrundo wa mitihani. Kitu pekee ninachokikosa kweli ni maji ya kunawa, hasa huku Iringa.

Iringa ilinibadilishia mambo. Huku ni kukavu, udongo haushikani, na watoto hawana migomba mlangoni. Lakini wana miamba. Nje kidogo ya mji, Igeleke, kuna mwamba wenye michoro myekundu ya zamani, watu na wanyama na maumbo mengine, na wanafunzi wangu wengi walikuwa hawajawahi kufika. Tulikwenda kwa miguu. Niliwaambia wachore wanachokiona, na ubishi uliozuka ulikuwa mkali: huyu ni twiga au ni ng'ombe shingo ndefu? Kijana mmoja akasema aliyechora huenda hakumaliza. Mwenzake akamwambia, "Alimaliza, ila mvua imefuta." Wakabishana njia nzima ya kurudi. Sikuingilia, kwa sababu sina jibu na sitaki kuwa nalo.

Isimila iko kama kilomita 20 hivi kutoka mjini, barabara ya kwenda Mbeya, na huko nilihitaji gari, kwa hiyo ilichukua muda na michango. Watu huenda kupiga picha na nguzo za mawe. Mimi niliwapeleka kwenye zana za mawe, zile shoka za mkono ambazo wataalamu walianza kuzichimbua miaka ya 1950 na wanazikadiria kuwa na miaka 200,000 na zaidi. Shoka la namna hiyo lina pande mbili zinazolingana, ncha moja, na ukubwa wa kiganja. Niliwauliza: la kukatia nyama tu lingehitaji kulingana hivi? Mtu aligonga jiwe, akaliangalia, akagonga tena, mpaka akaamua basi. Ninaamini darasa lile la tano lilielewa hilo kuliko walimu wawili niliokwenda nao, ambao walikuwa wanataka kujua gari linaondoka saa ngapi.

Na wapo wasukaji. Vikapu vya Iringa, vinavyosukwa kwa nyasi ziitwazo milulu, vinajulikana hadi nje ya nchi, na mjumbe mmoja wa kamati yetu ya shule ni msukaji. Tukisalimiana naye asubuhi, "Kamwene," "Kamwene," mikono yake huwa inaendelea kusuka. Alipokuja darasani nilikaa nyuma kama mwanafunzi, na nilichokiona ni hesabu. Mchoro wa pembe unaozunguka kikapu lazima uingie sawasawa kwenye idadi ya vijiti vya kuanzia, vinginevyo mzunguko ukifungwa pembe ya mwisho inabaki nusu. Yeye hasemi kugawanya wala kigawo, anasema "hizi hazitakubali." Wanafunzi wa darasa la sita walihesabu vijiti vya kikapu chake, wakajaribu kupanga mchoro wa kila vijiti vinne, ukakataa, wa kila vitatu ukakubali. Nimesema sanaa haileti ufaulu wa Hisabati na ninasimamia hapo. Hii ilikuwa Hisabati ndani ya sanaa, jambo tofauti, na sijui kama ingeonekana kwenye karatasi ya mtihani.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mcheshi sana, huniambia kila mara: "Madamu, Tingatinga alisomea wapi?" Anajua namheshimu Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, mkoani Ruvuma, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na kuanzia mwaka 1968 akachora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli kwenye vibao. Alifariki mwaka 1972. Hakupita darasa lolote la sanaa, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Hoja ya mwenzangu ni kwamba kipaji hakihitaji kipindi.

Huwa namjibu kwamba ndani ya miaka ile michache Tingatinga aliwafundisha ndugu na jamaa zake, wakakaa wanachora pamoja, na ndiyo sababu mtindo haukufa naye. Ile ilikuwa shule. Ilikosa kengele tu. Halafu, na hapa ndipo tunapoachana kabisa, mimi sifundishi ili wapatikane akina Tingatinga. Katika darasa la watoto tisini pengine atatoka mmoja, pengine asitoke. Hotuba zinazosema sanaa ni ajira, vijana wajiajiri, sizipingi, lakini mtoto wa miaka tisa hajaja kwangu kutafuta ajira. Wale themanini na tisa watakaokuwa wakulima wa parachichi, makondakta, manesi na madiwani nao watasimama siku moja mbele ya kitu ambacho hakina jibu nyuma ya kitabu, na hakutakuwa na mwalimu wa kumnyooshea karatasi.

Sasa mtaala mpya umetupa somo lenye jina na vipindi, na ugomvi wetu wa ofisini umehama. Zamani ilikuwa kukopwa kwa vipindi, leo ni namna ya kupima. Mwalimu wa taaluma anataka karatasi ya maswali, na simlaumu, yeye anadaiwa alama na ofisi ya kata. Alinionyesha rasimu. "Taja rangi tatu za msingi." "Eleza faida nne za ufinyanzi." Nimemwambia kwamba mtoto wangu wa kuzaa, ambaye hajagusa udongo tangu azaliwe kwa kuwa mimi mwenyewe namkataza kuchafua sebule, anaweza kupata zote nne kwa kukariri usiku mmoja. Tena maswali ya aina hiyo yatarudisha foleni ileile mezani, safari hii na karatasi ya majibu.

Pendekezo langu ni jalada. Kila mtoto anakuwa na jalada la boksi la sabuni, kazi zake zote za muhula zinaingia humo, nzuri na mbovu. Mwisho wa muhula anachagua tatu mwenyewe, anasimama, anasema kwa nini hizo na ni wapi alipokwama. Tunampa alama kwa kilichobadilika kati ya ya kwanza na ya mwisho, na kwa sababu anazotoa. Pingamizi lilikuja pande mbili. La kwanza ni muda: darasa zima likisimama mmojammoja, wiki inakwisha. Hilo ni kweli, na njia niliyoipata ni watoto kusimama mbele ya vikundi vyao, sisi tukizunguka. La pili lilitoka kwa mwalimu mkongwe ambaye huongea kwa nadra. Alisema, "Utawapa unaowapenda." Nalo ni kweli. Nikimwona mtoto anayechora jiko bila ukuta najijua kabisa nitakavyofanya. Kwa hiyo tumekubaliana wasahihishe walimu wawili, kila mmoja kwenye karatasi yake bila kuongea, na alama zikipishana sana aitwe wa tatu.

Mwalimu Mkuu ameridhia tujaribu kwa darasa la tatu mkondo A peke yake. Mkondo B watafanya mtihani wa maandishi, na mwisho wa muhula tutaweka majalada na karatasi za maswali kwenye meza moja, wazazi waje waangalie. Mwalimu wa taaluma ameniomba nimwandikie bango la siku hiyo.